Kiwanja Kilichonunuliwa kwa Mboga

Wazee wenzangu wakikaa kuongea juu ya Voi ya zamani, husema kwamba sisi wanawake tulikifilisi kilabu cha pombe kwa sababu ya wivu. Wengine husema tulitumwa na kanisa. Nimeyasikia yote mawili, matangani na harusini, na jibu langu halijabadilika. Tulitaka kiwanja. Kanisa halikututuma, maana mzee wa kanisa mwenyewe alikuwa anapenda mkebe wake wa jioni.

Nilifika Voi nikiwa bado mgeni wa ndoa, nimetoka magharibi kwenye mvua na matope meusi, nikakuta vumbi jekundu ambalo halitoki kwenye nguo hata uzifue vipi. Mume wangu alikuwa pointiman, yaani mtu wa kugeuza reli ili gari la moshi lishike njia yake, la Mombasa, la Nairobi au la Taveta. Tulipewa chumba kimoja katika landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Ukifungua mlango unatazama mabehewa. Nyuma ya safu yetu kulikuwa na choo, nyuma ya choo kuna waya, na nyuma ya waya kuna mtaro. Mtoto akichoka kukaa ndani, pahali pa kwenda palikuwa relini.

Serikali ilikuwa imewatengea ndovu nchi nzima ng'ambo ya reli, wakapewa na askari wa kuwalinda. Watoto wetu hawakuwa na hata pahali pa kurukia kamba. Siwaonei ndovu kijicho. Ninasema tu ilivyokuwa.

Ukuta kwa ukuta nami alikaa mwanamke Mdawida, mzaliwa wa milima iliyo juu ya Voi, aliyeolewa na fundi wa reli kutoka Ukambani. Alikuwa amenizidi miaka, kwa hiyo nilimwita mama, naye akaniita mwenzangu. Siku za soko mama yake mzazi na dada zake walishuka na mboga, ndizi na mihogo, naye akauza sokoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka vikapu vya katani, na kwake ndiko Kiswahili changu kilikoacha kukwaruza.

Binti yake wa pili, mtoto mcheshi ambaye hakuwa ameanza shule, alijificha siku moja chini ya behewa la mizigo akicheza na wenzake. Injini ikasukuma mabehewa kuyapanga. Mayowe tuliyasikia sote tukiwa tunafua. Mtoto alipona, lakini mguu wa kushoto ulibaki bila vidole. Aliyekuwa amegeuza reli kwa ajili ya injini ile ni mume wangu. Alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, kila mtu alisema hivyo, hata baba wa mtoto. Yeye mwenyewe hakukosa zamu hata moja. Alianza tu kwenda kilabuni kila akitoka kazini, na akirudi alilala akiwa ameuelekea ukuta.

Baada ya siku ile tuliwakataza watoto wasiende relini, wakawa wanaenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya maduka. Kilikuwa mali ya Mhindi mwenye duka la nguo na sukari. Alikinunua zamani akitarajia kujenga, hakujenga, na hakuwahi kumfukuza mtoto hata mmoja. Palikuwa pazuri. Palikuwa na migunga miwili ya kivuli, na ardhi yake ilikuwa tambarare. Ndipo tukasikia anakiuza. Mtu fulani wa Mombasa alitaka kujenga ghala la katani hapo.

Nilimfuata dukani nikiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa amezaliwa Voi na Kiswahili chake kilinishinda mimi.

"Ni kweli unauza, tajiri?"

"Ni kweli, mama. Nimelipia kiwanja hicho kodi miaka na miaka, na hakijanipa hata kuni."

"Na watoto?"

Alipanga vitambaa vyake kidogo kabla ya kunijibu. "Watoto si wangu peke yangu. Nendeni ofisini. Mji ukitaka kukinunua, nitauuzia mji. Pesa ya mji haina harufu mbaya kuliko ya mtu wa ghala."

Basi tukaenda, mimi na jirani yangu na wanawake wengine wa landhi na wa sokoni. Wakati ule serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na watu weusi wakiongozana wengi kidogo walishukiwa, kwa hiyo tuliingia wawili, wengine wakabaki nje wakijifanya wanangojea dawa ya hospitali iliyokuwa kando. Bwana Shauri, yule Mzungu kijana aliyesimamia mambo ya mji, alitupokea vizuri. Alijua Kiswahili cha kitabuni. Karani wake alisimama kando.

"Bwana," jirani yangu alisema, "tunaomba mji ununue kile kiwanja cha nyuma ya maduka kabla hakijauzwa."

"Cha kufanya nini?"

"Watoto wacheze."

Alitueleza kwa upole kama anayefundisha darasa. Fedha za mji zina mafungu. Kuna fungu la barabara, kuna fungu la maji, kuna fungu la taa. Mambo ya starehe ya Waafrika, kama ukumbi na uwanja, hayalipiwi na mafungu hayo. Yanalipiwa na faida ya kilabu cha pombe, ambacho ni mali ya ofisi. Na faida ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kazi. Ilikuwa imejenga chumba cha pili cha kilabu na kukiezeka mabati mapya.

"Pombe imejinunulia nyumba," jirani yangu alisema.

Bwana Shauri alitabasamu. "Ndivyo utaratibu ulivyo, mama. Waume zenu wakinywa zaidi, mtapata kiwanja upesi."

Karani alicheka. Sidhani yule Mzungu alikusudia kututukana. Kwake ilikuwa hesabu tu, tena ya kuchekesha. Lakini nilimfikiria mume wangu amegeukia ukuta.

"Na ushuru tunaolipa sokoni?" jirani yangu akauliza. "Huo unaingia fungu gani?"

"Fungu la jumla."

"Huyo Jumla ni nani? Maana namlipa kila siku ya soko na sijapata kumwona."

Hapo karani alituonyesha mlango.

Tulirudi hadi tulipovuka reli. Hapo jirani yangu akasimama, akaweka kikapu chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga mapishi, "Basi wasinywe."

"Utamzuia nani? Mimi wangu nimeshindwa."

"Simzuii mtu. Nitakaa tu mlangoni nisuke kikapu changu."

Ndivyo ilivyoanza. Kilabu kilikuwa na lango moja, na mbele ya lango kulikuwa na bomba la maji na vivuli vya miarobaini. Tulikwenda alasiri, kazi za nyumbani zikiwa zimekwisha, tukakaa chini na katani zetu. Siku ya kwanza tulikuwa wachache na tuliona haya. Wanaume walituchekea, wakaingia. Siku zilizofuata wakaja wake wa askari, wakaja na wanawake wa Kiislamu wa upande wa msikiti, ambao waume zao hawakunywa kabisa lakini walisema watoto wao nao wana miguu. Walikuja na ukindu wao, wakasuka mikeka.

Hatukumfungia mtu njia. Hatukuimba wala hatukumsema mtu. Aliyetaka kuingia aliingia. Lakini jirani yangu alikuwa amepeleka habari milimani, na siku ya soko wakashuka akina mama wakubwa, mama za wanawake walioolewa pale mjini, nao baada ya kuuza mboga wakaja kukaa nasi. Sasa fikiria mwanamume anayetoka kazini na kiu yake. Anafika langoni anamkuta mama mkwe wake amekaa pale, amenyoosha miguu, anasuka. Kwetu magharibi mtu hawezi hata kula mbele ya mama mkwe wake, sembuse kutoka kilabuni akiyumba. Kwao milimani pia heshima hiyo ipo. Niliona mtu mzima, mpiga tarumbeta wa polisi, akisimama mbali, akachungulia, akageuka kama aliyesahau kitu nyumbani.

Askari walikuja. Mkubwa wao aliuliza ni nani ametoa kibali cha mkutano.

"Mkutano upi?" nikamuuliza.

"Huu."

"Afande, mkutano una hotuba. Umesikia hotuba?"

Alitazama vikapu. Alichukua kimoja, akakigeuzageuza kana kwamba bunduki imefichwa ndani, akakirudisha. Mke wake mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yangu na hakuinua uso. Aliondoka.

Siku chache baadaye walikuja landhi asubuhi, wanaume wakiwa kazini. Walisema tunapika pombe ya magendo na ndiyo maana tunaharibu biashara ya ofisi. Walichoma sakafu kwa vyuma wakitafuta mitungi iliyozikwa. Kwangu walikuta chungu cha uji wa wimbi uliochachuka, uji tunaowapa watoto kwetu tangu enzi na enzi. Nikawaambia ni uji. Mmoja akaunusa, akasema unanuka pombe, akaumwaga mlangoni. Watoto wangu walisimama wakitazama kifungua kinywa chao kinanywewa na mchanga.

Kabla ya siku ile nilikuwa nakaa langoni kwa sababu ya jirani yangu na mtoto wake. Tangu siku ile nilikaa kwa ajili yangu. Nilichukua chungu kitupu nikaenda nacho, nikakiweka mbele yangu palepale kwenye lango, kila aliyepita akione. Watu waliniuliza, nikawaeleza. Sikuongeza chumvi. Haikuhitaji.

Wiki ile mkubwa wa stesheni alimwita mume wangu. Nilimngoja nikijua ameitiwa nini. Aliporudi alivua kofia, akakaa kwenye kigoda, akaomba maji ya kunywa.

"Wamesema nikuzuie," alisema. "Wamesema nisipokuzuia watanihamisha Maungu."

Maungu tuliijua. Wakati huo ilikuwa stesheni ndogo juani, upande wa kwenda Mombasa, pahali ambapo maji yenyewe yalikuja kwa gari la moshi.

"Ukawajibu nini, baba watoto?"

"Nimewaambia nilioa mwanamke, sikuoa behewa. Siwezi kumgeuzia reli."

Nilikuwa sijamsikia akifanya mzaha tangu mtoto wa jirani aumie. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Yeye akaendelea kunywa maji yake taratibu.

"Mimi sikuacha kwenda kilabuni kwa sababu ya vikapu vyenu," akasema baadaye. "Mtu asije akakudanganya. Nimeacha kwa sababu yule mtoto huja na mama yake pale langoni. Siku moja alinisalimu. Alinisalimu vizuri tu. Sikuweza kumpita."

Usiku ule alizima taa kama kawaida. Lakini alilala akiwa amenigeukia.

Kilabu kikadoda. Pombe ya mahindi haingoji mtu, na ile iliyobaki walianza kuimwaga mtaroni nyuma ya ukuta. Upepo ukivuma mji wote ulinuka ukakasi, na kuku wa kambi ya polisi, waliozoea kudonoadonoa pale, walionekana wakitembea upandeupande barabarani. Watu walicheka, na kicheko kile kilitusaidia kuliko maneno. Siwezi kusema wanaume wote waliacha. Wengine walikuwa na njia zao na mapipa yao maporini. Lakini faida ya ofisi haikutoka maporini.

Msaada mwingine ulitoka tusikoutazamia. Mwenye duka alituma mtu kutuita, mimi na jirani yangu. Tulidhani atatuambia kiwanja kimeuzwa. Alitupa viti.

"Akina mama," alisema, "mwezi huu nimeuza sukari na viatu vya watoto kama ni Krismasi. Sikuelewa. Nikamuuliza mteja mmoja amepata wapi fedha, akaniambia hana pa kuzipeleka."

Jirani yangu alisema, "Na kiwanja?"

"Yule wa Mombasa ana fedha zote mkononi, anataka kujenga kabla ya mvua. Lakini nikimkatia sehemu ya kujengea ghala lake, ile kubwa yenye migunga naweza kuuwekea mji. Walipe polepole. Mimi siendi popote. Waambieni ofisini nimesema hivyo, na wakitaka nitakuja niseme mwenyewe."

Hakufanya hivyo kwa huruma peke yake, na hakujidai kuwa ni huruma. Nilimheshimu kwa hilo.

Ofisini tulikwenda tena, na safari hii hakuna aliyejifanya anangojea dawa. Wanawake walikaa kwenye majani mbele ya mlango na vikapu vyao. Bwana Shauri hakutabasamu.

"Nimefikiria shauri lenu," alisema. "Acheni kukaa pale. Kilabu kikirudi kufanya kazi, faida ya kwanza itanunua kiwanja. Nawapa neno langu."

Nilimtazama jirani yangu. Nakiri nilikuwa tayari kukubali. Tulikuwa tumechoka, migongo ilituuma, na tulichokitaka kilikuwa mbele yetu. Yeye alitikisa kichwa.

"Hatutaki kiwanja cha pombe, Bwana."

"Fedha ni fedha, mama."

"Si kweli. Fedha ile imepitia kwenye koo za baba za watoto wetu na kwenye migongo yetu. Mtoto akicheza pale ataambiwa kila siku, kiwanja hiki kilinunuliwa baba yako akilala mtaroni. Nunua kwa ushuru wa soko. Tunaulipa sisi, kwa mboga zetu. Tenga ushuru wa Jumamosi peke yake mpaka deni la kiwanja liishe."

"Utaratibu hauruhusu. Ushuru ni wa fungu la jumla."

"Basi Jumamosi akina mama wa milimani hawatafika Voi. Watauzia chini ya mlima, njiani, na watu wa mji watawafuata huko. Huko hakuna tiketi ya soko. Muulize Jumla atakula nini."

Karani alikuwa anatafsiri, ingawa hakukuwa na haja. Alifika pale kwenye Jumla akaanza kupanga karatasi zake.

Yule Mzungu alitazama dirishani, akawaona wale mama wakubwa wa milimani wamekaa kwenye majani ya serikali, hawana haraka ya kwenda popote. Akasema ataandika Mombasa kwa wakubwa wake. Tukasema aandike, sisi tutasuka. Tuliendelea kukaa langoni hadi jibu lilipokuja, na jibu lilikubali. Hatukupata kiwanja chote. Kona ya barabarani ilikwenda kwa mtu wa ghala, nasi tukapata sehemu kubwa yenye migunga miwili. Ushuru wa Jumamosi ulitengwa, na nilisikia baadaye kwamba deni liliisha kabla ya muda uliopangwa, maana wauza mboga waliongezeka. Walikuja wengine hata kutoka vijiji vya Marungu. Mtu hulipa ushuru kwa moyo mwingine akijua unakokwenda.

Sasa, siku moja kabla ya kufunguliwa, ofisi ilisimamisha kibao kiwanjani. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa ameanza shule, alinisomea. Kilisema kiwanja ni cha watoto wa watumishi wa reli na wa serikali tu.

Nilisimama mbele ya kibao kile nikiwafikiria akina mama wa milimani. Hakuna mume wao aliyekuwa mtumishi wa mtu. Walikuwa wakulima. Fedha iliyonunua kiwanja ilishuka mlimani juu ya vichwa vyao, na wajukuu wao wakija siku ya soko wangesimama nje watazame.

Sikungoja giza. Nilikwenda kwa mume wangu kazini nikaazima sururu, nikachimba mti wa kibao mchana kweupe, watu wakipita. Wawili watatu waliniuliza nafanya nini, nikawajibu naondoa kibao. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilijitwika, nikapita barabara ya maduka yote mpaka ofisini, nikakiegemeza kwenye mlango wa Bwana Shauri. Alitoka akanikuta nafuta vumbi shingoni.

"Bwana, kibao chenu kimekosea njia," nilimwambia. "Kile kiwanja ni cha watoto. Mtoto akija na miguu yake, anaingia."

Alikitazama kibao, kisha mimi. Nilikuwa tayari kwa pingu. Nilikuwa nimeshawaacha watoto wangu kwa jirani, na nguo safi nilikuwa nimevaa.

"Nenda nyumbani, mama," alisema.

Hakikurudishwa. Siku ya ufunguzi alitoa hotuba fupi, akasema mji umewapa watoto zawadi. Jirani yangu, aliyekuwa amekaa chini na wauza mboga wenzake, alisema kwa sauti ya kusikika vizuri, "Hatukupewa." Hotuba ikaisha hapo.

Maungu tulihamishwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Mume wangu alipokea habari, akakunja blanketi zetu, akatengeneza kamba za masanduku. Nilimuuliza kama ana hasira nami. Akasema Maungu nako kuna reli. Miaka ya huko ilikuwa migumu, sitakuficha. Nilipanga foleni ya maji kwenye tangi la reli nikiwa na mimba, na alikuwa akinywa tena mara mojamoja, mkebe mmoja, akirudi kabla ya chakula. Kilabu cha Voi nacho kilijaa upya. Hatukuiponya dunia.

Lakini asubuhi tuliyoondoka Voi, wanawake wa sokoni walikuja stesheni na vikapu. Mkubwa wa stesheni alisimama pale pale, mikono nyuma, akitutazama. Hatukuteremsha sauti zetu kwa ajili yake. Jirani yangu aliingiza dirishani mboga, ndizi za kupika na fungu kubwa la katani iliyochanwa tayari, akasema huko niendako hakuna bustani wala marafiki, nisikae mikono mitupu. Gari likapiga honi. Mume wangu akaniambia niketi, na mimi nikakataa, nikabaki nimesimama dirishani hadi mji ulipoishia nyuma ya kichaka.